Sahihi ya Daisy

Lowell, Massachusetts
14 Januari 2024

Mke wangu Loise,

Wakili amesema tuanze kuandikiana barua za karatasi, zenye tarehe na sahihi, kwa sababu ubalozi hupenda kuona kwamba watu waliooana wanaongea kama watu waliooana. Basi nakuandikia. Kila barua nitaipiga picha nikutumie kwa simu, halafu yenyewe niitie posta. Wewe fanya hivyo pia, na uziweke zote kwenye faili.

Habari ya kwanza ni njema. Ombi letu la wewe kuhamia huku limekubaliwa. Imewachukua miezi kumi na sita kukiri jambo ambalo kanisa zima pale Voi lililiona kwa siku moja, kwamba wewe ni mke wangu.

Ya pili imeninyima hamu ya kula. Mimi kama mume napaswa kuonyesha kwamba mapato yangu yanatosha kukutunza, usije ukaangukia msaada wa serikali. Hayatoshi. Tangu nilipoumia bega kule ghalani wamenipunguzia saa za kazi. Kwa hiyo lazima tumpate mtu mwingine aliye huku, raia au mwenye kibali cha kudumu, atie sahihi pamoja nami. Anaitwa mdhamini mwenza. Atatoa karatasi zake za kodi na barua ya mwajiri, na ataahidi kwamba mimi nikishindwa, yeye atakubeba.

Nilimwendea mchungaji wetu wa huku. Alisema ataliombea. Nikamwendea binamu yangu Musyimi. Tulikula, tukacheka sana, na nilipotaja fomu mke wake akaanza kuondoa sahani mezani, yangu ikiwa bado na chakula.

Fikiria upande wako. Huna mtu yeyote huku?

Mumeo,
Muinde


Voi
3 Februari 2024

Daisy,

Najua utashangaa, sisi tuliozoea kutumiana picha za Krismasi tu. Ni mimi Loise, mtoto wa Salaita kule chini kwenye joto, niliyekuja shule ya milimani bila sweta, ukanipa yako ya pili nikaivaa mpaka kidato cha nne.

Sitazunguka. Mume wangu Muinde yuko Massachusetts, ni raia wa huko sasa. Tulifunga ndoa hapa Voi mwaka wa 2021, akakaa wiki tano, akarudi. Siku tulizoishi pamoja kama mke na mume hazifiki arobaini. Karatasi zangu zimefika mahali pa kuhitaji mdhamini mwenza, na mapato ya Muinde hayatoshi. Tumeuliza watu. Hakuna aliyetamka hapana, lakini wote wamesema hapana.

Wewe ni muuguzi, una kazi, una karatasi. Nakuomba utie sahihi. Sitakuwa mzigo kwako. Mimi ni fundi wa nguo, tangu shule nimejilisha kwa cherehani yangu, na huko pia watu huvaa nguo.

Ukikataa sitakasirika. Na mama yako hajambo? Nasikia yule msichana aliyekuwa akimtunza ameolewa.

Wako,
Loise


Dallas, Texas
24 Februari 2024

Loise,

Sweta hiyo uliirudisha imetoboka kiwiko, umekishonea kiraka cha kitambaa cha pazia. Mama aliipenda kuliko ilipokuwa mpya.

Fomu nimeisoma yote. Kazi yangu imenifundisha kusoma maandishi madogo. Nikitia sahihi nimejifunga mpaka upate uraia, au ufanye kazi huku kama miaka kumi. Ukiachana na Muinde bado nimefungwa. Tukikosana tusalimiane kwa mbali, bado nimefungwa. Nina wana wawili na sina mume. Kwa hiyo sijasema ndiyo. Sijasema hapana pia. Nipe muda.

Kuhusu Mama. Akili yake inaondoka kidogo kidogo. Kaka zangu wananiambia yuko sawa, na wao wako Mombasa. Mwandawiro, jirani anayetukamulia ng'ombe, humchungulia asubuhi, lakini ni mwanamume, hawezi kumwogesha. Silitaji hili kama malipo, tafadhali usinielewe vibaya. Ila ukipata siku moja upande kwake Werugha umwone, uniambie alivyo kweli.

Daisy


Werugha
22 Machi 2024

Mume wangu,

Nakuandikia nikiwa nimevaa sweta mbili na leso kichwani. Wewe uliyezaliwa Voi huijui baridi hii. Ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda.

Nilikuja kumtazama Mama Daisy siku moja. Nilimkuta amevaa gauni moja juu ya jingine, yote mawili yamelowa, na nyumbani hakuna moto. Nilimpigia Daisy kumweleza. Nikasikia mdomo wangu ukisema, nitakaa naye. Hakuniomba. Alilia, akasema Mungu anibariki. Kibanda cha kushonea nimemwachia Mwende tunayepanga naye.

Ni mwanamke mwenye nguvu bado, mwili haujazeeka kama akili. Kila asubuhi anataka kwenda sokoni. Alikuwa akiuza kabichi na karoti Wundanyi miaka thelathini, na miguu yake haijasahau. Anachukua kikapu, anauliza mbona gari halijapiga honi. Nikimwambia leo si siku ya soko ananitazama kama mwizi. Mimi ananiita Daisy. Siku za kwanza nilikuwa namsahihisha.

Jana alinikagua nikishona, akasema, "Daisy, huo mstari umepinda. Nani atanunua?" Nikautazama. Ulikuwa umepinda kweli.

Mkeo,
Loise


Lowell
29 Aprili 2024

Loise,

Haraka. Wakili anataka cheti cha ndoa na cheti chako cha kuzaliwa, viskaniwe vizuri, vimfikie kabla ya Alhamisi. Picha za simu amezikataa. Vyeti viko chumbani kwako Voi, sivyo? Shuka kesho.

Daisy alinipigia Jumamosi. Aliniuliza maswali kama polisi, lakini mwishoni alisema, "Mke wako anamtunza mama yangu kuliko sisi tuliozaliwa naye." Amekaribia kabisa. Tukichelewesha karatasi nyingine atadhani hatuko makini.

Muinde


Werugha
6 Mei 2024

Muinde,

Barua hii usiiweke kwenye faili. Ukimaliza kuisoma ichome.

Mama Daisy alifariki jana hospitalini.

Nilikuambia kwa simu kwamba alianguka. Ni kweli alianguka. Sikukuambia ya kabla.

Jumanne nilishuka Voi kuchukua vyeti. Nilimwogesha, nikampa uji na kimanga cha muhogo na maharagwe, nikamkalisha kitandani na redio yake. Nikapiga hesabu yangu, saa nne niko Voi, saa nane nimerudi. Mwandawiro alikuwa ameshakamua akaenda Mwatate. Sikutaka kuacha mlango wazi, kwa sababu wiki iliyotangulia Mama alitoka na kikapu chake tukampata chini kule mtoni, miguu yote damu. Nikafunga kwa nje. Kwa kufuli, Muinde.

Mvua ilianza nikiwa kwa yule jamaa wa kuskani. Nilipofika stendi wakasema udongo umeshuka barabarani, hakuna gari linalopanda. Nilimpigia Mwandawiro mara tisa. Huko juu stima ilikuwa imepotea na simu yake imezima, na wengine sina namba zao. Nikamshika mtu wa bodaboda, nikamwahidi pesa zote nilizonazo. Tulifika mahali maji yanapita juu ya lami. Akazima pikipiki, akasema, "Dada, mimi pia nina watoto." Akanirudisha.

Asubuhi Mwandawiro alipokuja kukamua alisikia mtu akiguna. Alivunja kufuli kwa shoka. Mama alikuwa sakafuni nyuma ya mlango, kwenye saruji, amevaa nguo zake za kanisani, na kikapu kimepinduka. Nyonga ilikuwa imevunjika. Kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa zimeng'oka. Hakuanguka kutoka kitandani. Alianguka akijaribu kutoka.

Nilipofika hospitalini alifungua macho akaniambia, "Daisy, mlango umekwama." Baada ya hapo mapafu yakajaa, hakusema kitu kingine cha kueleweka.

Daisy anapanda ndege Alhamisi. Anajua ameanguka tu. Nimwambie nini?

Loise


Lowell
7 Mei 2024

Loise,

Pole. Pole sana mke wangu. Lakini nisikilize.

Usimwambie. Jikoni ni nyumba ya nje, sivyo? Ulikuwa jikoni unachemsha uji, ukasikia kishindo, ukakimbia. Basi. Mwandawiro zungumza naye kabla Daisy hajafika. Mvua si yako, udongo si wako, na mama wa watu hatarudi hata ukisema yote juu ya kaburi.

Kumbuka bado hajatia sahihi.

Picha ya barua yako nimeifuta, karatasi ikifika nitaichoma. Na hii choma.

M.


Dallas
9 Juni 2024

Loise dadangu,

Nimerudi kazini wiki ya pili. Watu wa huku wananipa pole na maua, na sijui niyaweke wapi.

Karatasi zimekwenda. Nilitia sahihi siku ile ile niliyofika hapa, kabla hata sijafungua sanduku. Karatasi za kodi, barua ya mwajiri, kila kitu. Sitaki unishukuru.

Nilisema mbele ya watu pale kaburini na nitasema tena hapa, wewe ndiye uliyekuwa binti wa mama yangu mwaka huu. Nilipokuita uje usimame nami ukashindwa kuongea, shangazi zangu wote walilia. Mmoja alisema hajaona mtu asiye wa damu akilia vile.

Nikianza kujilaumu, najiambia, angalau hakuwa peke yake. Ulikuwa hapo jikoni, ulisikia, ulimkimbilia. Loise, mimi nimewashika mikono wazee wa watu wakifa, miaka kumi na moja. Mama yangu alishikwa na wewe. Hilo ndilo linalonipa usingizi.

Nilimuuliza Mwandawiro mbona mlango una chuma kipya cha kufungia, akasema cha zamani kilikuwa kimeoza. Mlipe tafadhali, nimekutumia kitu kidogo.

Daisy


Voi
4 Agosti 2024

Daisy,

Karatasi zako zimepokelewa. Nimeitwa ubalozini Nairobi tarehe 17 Septemba. Barua yako ninayo tangu Juni na kila nikianza kuijibu naacha.

Sikuwa jikoni. Nilikuwa Voi, nimekwenda kuchukua vyeti vya viza. Mama nilimwacha peke yake na mlango niliufunga mimi, kwa nje, kwa kufuli, ili asitoke akapotea. Mvua ikafunga barabara, sikuweza kurudi. Alikaa peke yake tangu asubuhi ya Jumanne mpaka asubuhi ya Jumatano. Alianguka nyuma ya mlango. Chuma cha zamani hakikuoza, Mwandawiro alikivunja kwa shoka ili amtoe. Yeye hana kosa. Nilimpigia magoti anyamaze, akasema atanyamaza ila hatanidanganyia Mungu.

Hata kupanda kwangu Werugha, Daisy. Siku ya kwanza nilipokuambia nitakaa naye, nilikuwa naifikiria fomu. Nilijua ukisikia hivyo utashindwa kuninyima. Baadaye nilimpenda, na hilo ni kweli pia, lakini lilikuja baadaye.

Nilikuwa nimepanga kukuambia nikishafika huko. Halafu nikaona kwamba nikishafika huwezi tena kujitoa, utakuwa umefungwa miaka kumi na mtu aliyekudanganya kuhusu kifo cha mama yako. Sasa hivi bado unaweza. Ndiyo maana nakuandikia sasa.

Muinde hajui kama nakuandikia.

Loise


Dallas
19 Agosti 2024

Loise,

Leo asubuhi nimeandika ubalozini kwamba naondoa jina langu. Nimeituma kwanza, ndipo nimekaa kukuandikia, nisije nikageuza nia.

Kufuli ningekusamehe. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya kazi mahali ambapo milango ya wazee hufungwa kwa sababu hiyo hiyo, na nikaenda nyumbani nikala. Mvua ni ya Mungu. Hata kuifikiria fomu, nani asingeifikiria? Kinachonishinda ni ile siku ya mazishi. Nilikushukuru mbele ya ukoo wangu mzima, na ukaniacha nikushukuru.

Kucha zake niliziona tulipokuwa tukimvisha. Niliuliza moyoni, nikajijibu kwamba ni uzee, ngozi ya wazee haishiki. Mimi, muuguzi. Nilitaka sana hadithi ya jikoni iwe kweli, kwa sababu na mimi nilikuwa na miaka saba sijamwona, kila mwaka nasema mwaka ujao, zamu zikipungua. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu msafi.

Lakini siwezi kuwa nimefungwa nawe. Kila mwaka nikitoa karatasi za kodi ningeuona ule mlango.

Umeniambia ulipokuwa bado na kitu cha kupoteza. Nimeliona hilo. Usiniandikie tena. Kama kuna siku nitaweza, nitakuandikia mimi.

Daisy


Lowell
25 Agosti 2024

Loise,

Wakili amenipigia. Nimesoma na nakala uliyonitumia ya barua yako kwa Daisy. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali uliponifikiria mimi. Kuna mstari mmoja, wa kusema sijui kitu.

Wiki sita tu! Ungemeza mate wiki sita tu. Mwaka mzima nimekaa sebuleni kwa watu na kofia mikononi, naomba sahihi kama naomba figo. Na wewe umechagua kumpendeza marehemu.

Basi kama ni kusema ukweli, na mimi niseme. Sina kazi. Hawakunipunguzia saa, walinifukuza tangu Desemba, bega likiwa bado limefungwa bendeji. Nalala chumba cha chini kwa Musyimi, na mke wake hunihesabia siku. Mpango wangu ulikuwa ufike, uanze kazi mara moja, tuinuke. Nilikuwa nimeshakuulizia nafasi. Ni makazi ya wazee, wanahitaji watu wa kuwaogesha na kuwalisha. Niliwaambia mke wangu ana uzoefu.

Sikukuambia kwa sababu watu wa Voi walinisindikiza kwa nyimbo, na mama yangu aliuza mbuzi wote kwa ajili ya tiketi. Utanielewa au hutanielewa.

Muinde


Voi
20 Septemba 2024

Muinde,

Nilikwenda ubalozini hata hivyo. Nilivaa lile gauni la kijani nililolishona mwenyewe. Ofisa alikuwa mwanamke, alinizungumzia kwa upole nyuma ya kioo. Aliuliza, "Unajua mdhamini wako amejiondoa?" Nikasema najua. "Unajua sababu?" Nikasema najua pia. Akanitazama kidogo, akanipa karatasi. Viza imekataliwa kwa sasa. Nina mwaka mmoja wa kuleta mdhamini mwingine, ukipita faili inafungwa.

Sitamtafuta. Nimekaa na uamuzi huu siku tatu, nimeugeuza kila upande kama nguo inayotafutwa tundu.

Uliposema huna kazi, kwanza nilikasirika. Halafu nikaona kwamba Daisy alitia sahihi akidhani anasaidiana na mtu, kumbe angenibeba peke yake na hajui. Wewe ulimficha hilo, mimi nikamficha lile, na wote wawili tulikuwa tukimwita dada. Siwezi kumfanyia mtu mwingine hivyo. Hata nikimpata.

Uliandika pia kuhusu ile kazi ya kuogesha wazee, Muinde. Niliisoma nikaenda nje kukaa.

Nilipanda Werugha Jumapili iliyopita. Kaka zake Daisy wameuza ng'ombe na kuikodisha nyumba. Mwandawiro aliitikia salamu yangu, akaendelea kulima. Kaburi limeota majani, nikayang'oa kwa mkono. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenikaribisha chai pia.

Sasa nikuambie ninachotaka, maana sijawahi kukuambia. Mimi kuja huko kulihitaji karatasi za kodi za mtu, barua ya mwajiri wake na kiapo cha miaka kumi. Wewe kuja Voi hakuhitaji sahihi ya mtu yeyote. Nipo kibandani na Mwende, kazi za sare za shule zimejaa mpaka tunazikataa. Mkono wako mmoja unaweza kukata kitambaa. Watu watakucheka mwezi mmoja, halafu watachoka. Mama yako nimemtembelea, haulizi mbuzi, anauliza wewe.

Nauli naweza kuikusanya kufikia Pasaka. Niambie ndiyo na nitaanza.

Na kama ni hapana, liandike neno lenyewe. Usiniandikie kuhusu wakili, wala bega, wala mwaka ujao.

Mkeo mpaka sasa,
Loise